Kwenu nani anashona?

Ilikuwa mwezi wa tatu, Denver bado ina theluji chafu pembeni mwa barabara, na mimi nilikuwa na siku moja ya mapumziko. Mwenzangu wa kazini alinipeleka kwenye ukumbi mkubwa ambako Wenyeji wa Marekani walikusanyika kucheza ngoma zao. Ngoma moja pana, wanaume wameizunguka wamekaa kwenye viti, wanaipiga kwa mkono mmoja na sauti moja. Nilisimama pale mpaka kifua kikaanza kufuata mdundo.

Pembeni kulikuwa na meza za wauzaji. Kwenye mojawapo alikaa mama wa makamo, nywele amezisuka mikia miwili. Alikuwa Mcheyenne wa Oklahoma, kabila mojawapo la Wenyeji hao. Mbele yake palikuwa na viatu vya mtoto vya ngozi, mokasini, vidogo hata vingeenea vyote kwenye kiganja kimoja. Juu vimejaa shanga nyeupe, na katikati ya weupe huo kuna mistari myembamba ya buluu na nyekundu.

Nikauliza bei. Akanitajia.

Nikafanya kile ambacho mtu aliyekulia Pangani hufanya bila kufikiri. "Mama, nipunguzie kidogo."

Hakukunja uso. Alikichukua kiatu kimoja, akaniwekea kiganjani, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Afrika, Tanzania, pwani. Akasema: "Kwenu nani anashona?"

"Hakuna," nikamjibu. "Kwetu hakuna anayeshona."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Nikarudisha kiatu mezani, nikamshukuru, nikaondoka.

Usiku ule nilitandika msala kuswali isha. Ni msala wa ukili, wekundu wake umeshafifia, na ukingo mmoja umeanza kuachia. Niliposujudu, paji la uso likagusa ule mshono.

Msala ule aliushona bibi yangu.

## Nilichoshikishwa

Kwa wiki kadhaa sikuweza kuliacha jibu langu. Nilianza kwa kukirudia kile kiatu, kwa sababu mkono ulikuwa bado unakikumbuka.

Soli yake ilikuwa ngumu na sehemu ya juu laini, kwa hiyo ni ngozi mbili za tabia mbili. Soli ni ngozi mbichi iliyowambwa na kukaushwa bila kulainishwa, ngumu kama ubao. Zamani wanawake wa Kicheyenne walikuwa wakikata soli kutoka kwenye mikoba ya safari iliyochakaa, ile mikubwa ya ngozi mbichi iliyokunjwa kama bahasha na kupakwa rangi, ya kuwekea nyama kavu na nguo. Ndiyo maana baadhi ya mokasini za kale zilizohifadhiwa zina pembetatu za rangi ndani ya soli, mahali ambapo hakuna atakayeziona isipokuwa mguu wa mvaaji.

Kuhusu shanga, nilikuwa nimekifunua kiatu na kuchungulia ndani nikitafuta nyuzi. Sikuona hata uzi mmoja.

Baadaye nikajua kwa nini. Mshonaji hatobozi ngozi upande hadi upande. Anatoboa unene wake tu, kitoboleo kinaingia na kutokea upande uleule, kama mtu anayepita chini ya zulia. Anatunga shanga saba au nane, anazilaza, anazifunga mwisho wa mstari, anarudi. Mstari unakaa kando ya mstari mpaka uso wote unakuwa kama shamba lililopigwa matuta madogo. Wacheyenne wanasifika kwa kubana mistari hiyo na kwa kupenda weupe kama uwanja wa nyuma.

Na kabla ya nyuzi za dukani, uzi ulikuwa ukano wa mgongo wa nyati. Unakaushwa, unachanwa kwa kucha hadi upate nyuzinyuzi nyembamba, unaulowesha mdomoni, unausokota. Ile ncha unaiacha kavu ili ibaki ngumu, maana yenyewe ndiyo sindano. Mdomo haukauki na vidole havipumziki.

Ngozi laini nayo ina safari yake. Nyama na mafuta yaliyoganda hukwanguliwa ikiwa imewambwa chini kwa vigingi. Manyoya hutolewa kwa kikwangulio cha pembe ya kulungu mkubwa chenye makali ya jiwe, baadaye ya chuma. Kisha hupakwa ubongo wa mnyama, ini na mafuta, hukunjwa, huloweshwa, huvutwa na kusuguliwa kwenye kamba ya kano iliyosokotwa mpaka inyooke na kulegea kama kitambaa. Ikishalainika hufukizwa moshi ili hata ikinyeshewa isirudi kuwa ubao.

Yote hayo hufanywa kabla ya ushanga wa kwanza kuwekwa. Na mimi nilitaka nipunguziwe.

## Waliochaguliwa

Wacheyenne wanajiita Tsitsistas. Jina tunalolitumia sote walipewa na majirani zao Wadakota. Hawakuwa watu wa farasi tangu mwanzo. Waliishi upande wa Minnesota, kisha kwenye vijiji vya nyumba za udongo huko Dakota ya Kaskazini ya leo, wakilima mahindi, kabla ya kutoka kwenda tambarare kufuata nyati. Nataja hili kwa sababu picha tuliyonayo kichwani, ya mtu juu ya farasi na manyoya kichwani, inameza karne nzima za watu waliokuwa na majembe.

Picha hiyo inameza pia wanawake.

Nilisoma mengi katika wiki hizo, usiku, baada ya zamu. Kitu kimoja kilinisimamisha. Wanawake wa Kicheyenne walikuwa na chama chao cha ushonaji mtakatifu, na waliokuwa ndani yake waliitwa Moneneheo, Waliochaguliwa. Kazi yao kubwa ilikuwa kupamba kwa miiba ya nungunungu: majoho ya ngozi ya nyati, mbeleko za ubao za watoto, mapambo ya tipi nzima, yale mahema yao ya ngozi. Ufundi huu ulikuwapo kabla ya shanga kufika.

Nungunungu wa kule ni mdogo kuliko wetu. Mwiba wa nungunungu wa kwetu unaweza kuushika kama kalamu, lakini wa kwao ni mwembamba na mfupi. Inapangwa kwa ukubwa, inatiwa rangi, inalainishwa kwa mate, inavutwa kati ya meno ili ibonyee. Kisha mwiba mmoja mmoja unakunjwa huku na huku juu ya nyuzi mbili za ukano. Ukiisha, unachomeka mwingine. Mkunjo mmoja hauzidi upana wa punje ya mchele.

Hukuweza kuamka asubuhi ukasema leo napamba joho. Mwanamke aliweka nadhiri, pengine kwa ajili ya mgonjwa nyumbani. Alimwendea mama aliyekwisha fanya kazi ya aina hiyo, akapeleka zawadi, akaandaa chakula, akafundishwa kwa taratibu na dua zake. Aliyefundishwa kutengeneza kitu kimoja hakuwa amepewa ruhusa ya kutengeneza kingine.

Sasa hapa ndipo nilipoweka simu chini.

Wanaume wa Kicheyenne walikuwa na desturi ya kutangaza matendo yao ya vita. Aliyemgusa adui kwa fimbo au kwa mkono alipata heshima ya juu, na alikuwa na haki ya kusimama mbele za watu na kusimulia: siku fulani, mahali fulani, nilifanya hili. George Bird Grinnell, aliyewatembelea mara kwa mara kuanzia miaka ya 1890 na kuwasikiliza wazee, aliandika kwamba wanawake wa chama kile nao walikuwa na kusimama kwao. Walipokutana, kila mmoja alihesabu mbele ya wenzake kazi alizozikamilisha na namna alivyozifanya, kama vile shujaa anavyohesabu vita vyake.

Si mtu mwingine aliyemsifu. Yeye mwenyewe alisimama, akahesabu, wakasikiliza.

Na likitokea kosa katika kazi ile, mshonaji hakulifumua mwenyewe kimyakimya. Aliitwa mwanamume aliyejithibitisha vitani. Akasimulia tendo lake, kisha yeye ndiye aliyekata miiba iliyokosewa. Hebu fikiria: mkunjo mmoja umekwenda kombo, na kijiji kinamtoa mpiganaji wake kwenye shughuli zake aje aurekebishe, kwa sababu mkono usiowahi kukabili kifo hautoshi kuigusa kazi ile.

Nilimfikiria bibi kwenye baraza, akifumua ukili alioukosea, peke yake, jioni, kwa mwanga uliobaki.

## Mashaka yangu

Nisije nikaonekana nimepata pepo ya ughaibuni. Mashaka yalikuja, na mengine bado ninayo.

La kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya niliyosoma iliandikwa na watu wa nje. Wanawake wenyewe walichagua cha kusema na cha kunyamazia. Wacheyenne wana vitu vyao vitakatifu, Mishale minne na Kofia ya Nyati, ambavyo mpaka leo vina walinzi na miiko, na kuna mlima wao, Bear Butte huko Dakota ya Kusini, ambako nabii wao Sweet Medicine alipokea mafundisho. Hayo yana wenyewe wa kuyasema. Dua za ushonaji nazo naziacha zilipo. Mimi ni mpita njia niliyeshikishwa kiatu.

La pili lilinisumbua zaidi. Je, heshima ile iliwapunguzia wanawake mzigo?

Karibu mwaka 1833 ndugu wa ukoo wa Bent na mwenzao walijenga ngome ya biashara kando ya mto Arkansas, kusini mashariki mwa Colorado ya leo. Wacheyenne wa kusini walipeleka pale majoho ya nyati, wakachukua bunduki, sufuria, blanketi, kahawa, shanga. William Bent mwenyewe alimwoa Owl Woman, binti wa Kicheyenne, na ndoa ile ilikuwa pia daraja la biashara. Mwanamume mmoja mwenye farasi mzuri aliweza kuua nyati wengi kwa siku moja ya msako. Lakini ngozi haijilainishi. Kila joho lililopandishwa kwenye mikokoteni kwenda mashariki lilipitia mikono ya mwanamke aliyepiga magoti akikwangua. Kadiri soko lilivyokua, ndivyo magoti yalivyoongezeka, na mwenye farasi wengi alitafuta wake wengi.

Kwa hiyo mwanamke yuleyule aliyehesabu joho lake takatifu kwa fahari alikuwa na mengine mengi aliyoyalainisha kwa ajili ya soko, ambayo hakuna aliyesimama kuyahesabu. Nilipofika hapo nilitulia kidogo. Hii niliijua. Hii ni ya kwetu kabisa.

Ingawa lazima niseme na upande wa pili: tipi ilikuwa mali ya mwanamke. Yeye ndiye aliyeitengeneza na kuisimamisha, kwa nguzo tatu za msingi na mlango kuelekea mawio ya jua. Alipotaka tipi mpya aliita wenzake, akawapikia, akamwita fundi wa kukata aliyejua kuzipanga ngozi, pengine kumi na tano au ishirini, na jioni nyumba ikawa imeshonwa. Nimeishi kwenye nyumba za kupanga tangu nije nchi hii, na naielewa vizuri tofauti ya kulala kwako.

## Samesame

Kilichonigeuza ni shanga.

Shanga za kwanza kufika kwa wingi tambarare, mwanzoni mwa karne ya 19, zilikuwa kubwa kiasi, zikibebwa kwa farasi na wachuuzi. Kuanzia katikati ya karne zikaja ndogo, zile zinazofaa kwa kazi kama ya kile kiatu. Nyingi zilitoka Venice. Na kati yake kulikuwa na aina moja iliyopendwa sana: nyekundu kwa nje, lakini ukiitazama tunduni, moyo wake mweupe.

Nikasimama kusoma. Nyekundu nje, nyeupe ndani.

Mwaka 1857 msafiri Mwingereza Richard Burton aliondoka pwani ya Mrima kwenda Ujiji na msafara uliobeba shanga, kwa sababu bara bila shanga huli. Aliorodhesha aina zake kwa majina waliyoyatumia wapagazi na wafanyabiashara. Iliyothaminiwa kuliko zote aliiandika samesame: nyekundu iliyopakwa juu ya weupe. Watu walikuwa tayari kutoa chakula chao waipate. Nazo pia zilitoka Venice.

Tanuri za mji mmoja zilikuwa zikiyeyusha kioo kwa ajili ya Unyamwezi na kwa ajili ya mto Arkansas. Na upande wa pili, kule Massachusetts, vinu vilikuwa vikifuma pamba ile ngumu isiyopaushwa ambayo babu zetu waliiita merikani, ikaja Unguja kwenye meli za Salem. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, miaka ileile ngome ya Bent ilipokuwa ikisimama.

Wao walipeleka ngozi, sisi tulipeleka pembe za ndovu. Nyati na tembo wakaanza kuhesabika.

Sijui nilikuwa nimedhani nini pale mezani. Nadhani niliona kitu cha mbali, cha watu wa mbali, kizuri cha kupelekea mtoto wa dada. Kumbe kile kiatu na utunda wa shanga wa bibi kiunoni vilikuwa na mjomba mmoja.

## Kilichoungua

Kutoka Denver hadi Sand Creek ni mwendo wa saa tatu kwa gari. Nilikwenda Jumapili moja, peke yangu. Ni uwanda mkavu, mifereji ya mchanga, miti michache, na upepo. Asubuhi ya tarehe 29 Novemba 1864 wanajeshi wa Kanali John Chivington waliishambulia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho iliyokuwa imeomba amani. Chifu Black Kettle alikuwa amepandisha bendera ya Marekani juu ya tipi yake. Waliuawa watu wapatao 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee.

Nilikaa pale juu ya kilima kidogo na sikuweza kufikiria kuhusu ushonaji. Ilionekana ni kukosa adabu. Watu wamekufa, wewe unauliza habari za miiba ya nungunungu.

Lakini nilipokuwa narudi, giza limeingia, nikakumbuka kambi nyingine. Novemba 1876, miezi mitano baada ya vita vya Little Bighorn, ambako Wacheyenne na wenzao walilishinda jeshi la Marekani, jeshi liliivamia kambi ya Wacheyenne wa kaskazini ya chifu Dull Knife, katika bonde la Wyoming. Watu walikimbilia vilimani wakiwa nusu uchi. Wanajeshi wakachoma karibu tipi 200 na vyote vilivyokuwamo: majoho, nguo za shanga, mikoba iliyopakwa rangi, nyama ya majira yote ya baridi. Usiku huo watoto wachanga waliganda kwa baridi mikononi mwa mama zao, kwa kukosa la kuwafunika.

Hapo ndipo nilipoelewa joho ni nini.

Ngozi iliyokwanguliwa, ikapakwa ubongo, ikavutwa, ikafukizwa, ilikuwa ukuta kati ya mtoto na kifo. Kusema "sanaa" peke yake ni kuipunguza. Kusema "nguo" peke yake pia ni kuipunguza. Wale wanawake walioihesabu kazi yao sambamba na vita walikuwa wanasema ukweli mtupu.

Walionusurika walipelekwa kusini, Oklahoma, kwenye joto na malaria. Mwaka 1878 baadhi yao, wakiongozwa na Dull Knife na Little Wolf, waliondoka kwa miguu na farasi kurudi kwao kaskazini, na njiani wengi walikufa. Mwaka 1884 wakatengewa ardhi yao Montana, ambako wako hadi leo. Nyati walikuwa karibu wamekwisha, waliokuwa mamilioni wakabaki mamia.

Wanaume walipoteza uwanja wao wa kuhesabia. Wengine, waliofungwa Fort Marion huko Florida kuanzia mwaka 1875, wakawa wanachora vita vyao vya zamani kwa penseli kwenye madaftari ya mahesabu, na watalii wakayanunua. Michoro hiyo leo iko kwenye makumbusho makubwa.

Wanawake walibadilisha ngozi tu. Nyati hayupo, wakashika ya ng'ombe, ya kulungu, turubai. Ukano ukiadimika, uzi. Na chama cha washonaji kiliendelea Oklahoma mpaka ndani ya karne ya 20, mama akimwendea mama na zawadi na chakula. Vita vilipokwisha, hesabu ya wanawake ilikuwa bado ina la kuongeza.

## Miyaa

Bibi alichana miyaa asubuhi, kabla jua halijaikausha vidoleni. Aliyotaka kuitia rangi aliichemsha kwenye sufuria yake ya bati, nyekundu, zambarau na kijani, akaianika juu ya paa la banda la kuku. Kisha alikaa barazani, miguu ameinyoosha, na ukili ukaanza kutoka mikononi mwake bila yeye kuutazama. Alizungumza na wapita njia, aligombana na mbuzi, alisikiliza redio, ukili unarefuka. Aliupima kwa mikono miwili iliyotanuliwa, pima moja, pima mbili. Ukitimia, aliuzungusha na kuushona ukingo kwa ukingo, mpaka njia za rangi zikutane.

Ndiyo, kushona. Ukili husukwa, mkeka hushonwa. Swali la yule mama lilikuwa sahihi hata kwa Kiswahili, na mimi nikajibu hakuna.

Nilikuwa na miaka kumi siku aliponituma gulioni na mkeka wa kulalia. "Mke mwenzangu," alivyozoea kuniita, "usirudi nao." Mnunuzi alikuwa mwanamume mwenye baiskeli. Aliutandika chini, akaukanyaga na viatu, akataja bei nusu ya ile niliyoambiwa. Nikakataa. Akaanza kuukunja vibaya ili niuone haufai. Nikakubali.

Nilirudi na fedha ile nikiwa nimeifumba mkononi. Bibi aliitazama, akaifunga kwenye pindo la kanga. Hakusema neno. Akavuta ukili mwingine mapajani.

Pale ndipo nilipojifunza kuomba kupunguziwa. Nilijifunza kwa yule mwenye baiskeli.

Nimejaribu sana kujitetea. Nimesema labda nilielewa "kushona" kuwa cherehani. Nimesema labda nilikuwa na haraka. Lakini nadhani ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kunifundisha kuiita ile ni kazi. Baba alikuwa na kazi, alikuwa karani wa mkonge. Mjomba alikuwa na kazi, alikuwa na dau. Bibi alikuwa "yupo tu nyumbani". Tulilala juu ya kazi yake, tulikula chakula juu yake, tuliswali juu yake, na tukasema yupo tu.

Wanawake wa Kidakota, majirani wa Wacheyenne, walikuwa wakichonga alama kwenye mpini wa vikwangulio vyao kuhesabu ngozi walizomaliza. Kuna mipini hiyo imesalia, ina vidoti mstari kwa mstari. Bibi hakuwa na mpini wa kuchongea. Alikuwa na kisu kimoja cha kuchania miyaa, kimeliwa mpaka kimekuwa chembamba kama jani.

## Simu

Ijumaa iliyopita nilimpigia mama. Huku asubuhi, Pangani jioni. Nilisikia jogoo wa jirani na pikipiki ikipita.

"Mama, bibi alishona mikeka mingapi?"

"Swali gani hilo, mwanangu? Nani alihesabu?"

"Tuhesabu."

Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata.

"Kulikuwa na wa harusi yangu," akasema. "Ule mwekundu wenye maua. Ulimchukua kutoka mfungo mosi mpaka maulidi. Na wa shangazi yako, lakini ule uliungua na nyumba."

Nilikuwa na daftari mapajani. Nikaandika moja, mbili.

"Minne aliwashonea wapwa zake Mkwaja, mmoja kwa kila mmoja. Na jamvi la msikiti, hilo walishona watano, yeye ndiye aliyewapangia njia. Na aliyozikiwa nayo babu yako. Na yake mwenyewe aliishona mapema, akaiweka juu ya dari, akatuambia tusiiguse."

Nikaacha kuandika kidogo.

"Misala ya kwenu nyote. Wako aliumaliza ukiwa umeshapata viza, alikuwa haoni vizuri, ndiyo maana ukingo mmoja hauko sawa. Alitaka kuufumua, nikamkataza, nikamwambia ndege haisubiri."

Nikautazama msala ulipokuwa umekunjwa juu ya kiti.

"Ipo kumi na saba," nikasema.

"Kumi na saba wapi! Bado hatujafika ya gulioni. Ngoja, nimwite shangazi yako, yeye ndiye aliyekuwa akienda naye kukata miyaa. Usikate simu."

Nikasikia viatu vyake vikiburuta uani, na sauti yake ikiita.